Fidia ya jeraha la uti wa mgongo: fungua madai mapema, chelewa kusaini

Karatasi ya kampuni ya bima mara nyingi hufika wodini kabla daktari hajajua kama miguu itarudisha nguvu. Ina kiasi cha pesa, ina nafasi ya sahihi, na ndani ya maandishi madogo kuna sentensi isemayo kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho. Ukishasaini hapo, upasuaji utakaohitajika mwaka wa sita utaugharimia mwenyewe.

Madai ya aina hii yana mwendo wake: yafunguliwe upesi, yafungwe taratibu. Wengi hufanya kinyume. Wanangoja hadi mgonjwa apate nafuu ndipo wamtafute wakili, kisha shida ikiwabana wanapokea kiasi cha kwanza wanachotajiwa.

Upesi ni kwa sababu ya ushahidi. Kamera za usalama hurekodi juu ya picha za zamani, nyingine baada ya siku chache tu. Gari likishatengenezwa au kuuzwa kama chuma chakavu, breki zake haziwezi kuchunguzwa tena. Ngazi iliyovunjika hutupwa. Kwa hiyo, ndani ya wiki ya kwanza ndugu mmoja apige picha za eneo la ajali, achukue majina na simu za mashahidi, aombe nakala ya taarifa ya polisi au ya ajali kazini, na apeleke barua ya maandishi kumtaka mwenye gari, jengo au mtambo asiharibu wala kubadilisha chochote. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya kuandikwa kwa mkono inatosha.

Kuna pia ukomo wa muda wa kufungua kesi. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na tofauti si ndogo. Madai dhidi ya serikali au taasisi ya umma mara nyingi hutanguliwa na notisi yenye muda wake, na ndiyo hiyo inayowaponyoka watu: mtu anajua ana miaka kadhaa ya kufungua kesi, hajui kwamba notisi ilitakiwa mapema zaidi. Kwa mtoto, nchi nyingi huanza kuhesabu anapofikia umri wa utu uzima. Muulize wakili tarehe mbili, ya notisi na ya kesi, uziandike.

Nani anadaiwa? Usikimbilie jibu moja. Aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi ana fidia ya wafanyakazi, ambayo kwa kawaida haimtaki athibitishe uzembe wa mwajiri. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Upungufu wake ni kwamba viwango vimewekwa na sheria na maumivu kwa kawaida hayalipwi. Sehemu nyingi pia, anayeipokea hawezi tena kumshtaki mwajiri kwa ajali hiyo hiyo. Lakini jukwaa hilo lingeweza kuwa limefungwa na mkandarasi mwingine, au kiungio chake kilikuwa na kasoro ya kiwandani. Hao si mwajiri, na mlango wao haujafungwa. Katika ajali ya barabarani huanza bima ya dereva mwenye kosa. Akikimbia au akiwa hana bima, nchi kadhaa zina mfuko maalumu kwa waathirika wa namna hiyo. Aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu aulize kama kuna mfuko wa waathirika wa uhalifu, maana aliyemuumiza kwa kawaida hana kitu cha kulipa. New Zealand ilikwenda mbali zaidi: tangu 1974 mfuko wa taifa hulipa majeruhi wa ajali bila kutafuta mwenye kosa.

Malipo haya huingiliana. Bima ya afya iliyogharimia upasuaji inaweza kudai sehemu yake kutoka kwenye fidia. Orodhesha mapema kila aliyelipa chochote, usije ukagawana pesa na watu usiowatarajia.

Uzembe wa hospitali unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa kesi nyingi huanguka hata pale kosa linapoonekana wazi. Mgonjwa analalamika ganzi sehemu za siri na makalio, hawezi kukojoa, miguu yote miwili inalegea. Hizo ni dalili za kubanwa kwa mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo, na zinahitaji picha ya MRI haraka. Akirudishwa nyumbani na dawa za maumivu, kosa lipo. Hata hivyo mahakama itauliza swali la pili: angepimwa kwa wakati, angekuwa na hali gani leo? Fidia ni ya tofauti kati ya hali hizo mbili. Anayedai ulemavu wote ilhali sehemu yake ingekuwepo hata kwa matibabu sahihi, anajidhoofishia madai. Hivyo unahitaji daktari bingwa wa nje ya hospitali hiyo, na jalada lote la mgonjwa likiwa na saa za vipimo, si muhtasari wa kuruhusiwa peke yake. Liombe kwa maandishi mapema.

Sasa upande wa kuchelewa. Ukubwa wa jeraha hupimwa kwa kipimo cha ASIA (chama cha Marekani cha majeraha ya uti wa mgongo), kuanzia A hadi E. A ni jeraha kamili: hakuna hisia wala mwendo katika sehemu za chini kabisa za uti wa mgongo, S4 na S5, zinazohudumia eneo la haja kubwa. E ni hali ya kawaida. Nafuu kubwa ya nguvu za misuli kwa kawaida huonekana katika miezi 6 hadi 9 ya kwanza, kisha kasi ya nafuu hupungua. Kipimo cha wiki ya kwanza hakitoshi kukadiria maisha ya mtu. Subiri hadi madaktari waandike kwamba hali imetulia.

Halafu hesabu. Gharama zilizokwishatumika zinadaiwa kwa risiti, moja moja, na isiyo na risiti ni rahisi kukataliwa. Lakini pesa kubwa iko mbele. Anayetumia katheta, yaani mrija wa kutolea mkojo, mara 5 kwa siku anahitaji 1,825 kwa mwaka. Kiti cha magurudumu cha kutumiwa kila siku hukadiriwa kudumu kama miaka 5. Mwenye umri wa miaka 30 atahitaji kadhaa, pamoja na mito ya kuzuia vidonda vya mgandamizo. Ongeza mhudumu, marekebisho ya choo na milango, na mabega yanayochakaa kwa kusukuma magurudumu. Jeraha la T6 (pingili ya sita ya kifuani) au juu yake huleta hatari ya shinikizo la damu kupanda ghafla. Uvimbe wa maji ndani ya uti unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Yote haya yaandikwe na mtaalamu wa utengamao (tiba ya kurudisha uwezo wa mwili) katika mpango wa matunzo ya maisha, kila kitu kikiwa na idadi, bei na muda wa kubadilishwa. Kazi ya mke au mama anayemgeuza mgonjwa usiku nayo iandikwe kwa saa. Familia huiacha kwa kuona aibu kuitoza, na upande wa pili hautawakumbusha.

Tegemea pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba ulichangia kosa: ukionekana na lawama ya asilimia 30, madai ya 100 hubaki 70, na zipo sheria zinazokunyima yote. Ya pili ni picha za mgongo zinazoonyesha pingili zilizokuwa zimechakaa kabla ya ajali. Usifiche historia hiyo. Nchi nyingi hukubali kwamba mkosaji humchukua majeruhi jinsi alivyomkuta, yaani udhaifu wa zamani haumwondolei lawama. Na angalia unachoweka mtandaoni. Picha moja umesimama kwa vyuma vya miguu kwenye sherehe itasomwa kana kwamba unatembea.

Malipo ya mkupuo yana uhuru, ila yakiisha yameisha. Malipo ya kila mwaka yanayopanda na gharama za maisha humfaa zaidi kijana aliyeumia shingoni, mradi mlipaji ni taasisi imara. Kwa wakili anayechukua asilimia, uliza kama anakata kabla au baada ya gharama, na nani atalipa wataalamu mkishindwa.

Njaa ndiyo inayosainisha watu mapema. Pale lawama haina ubishi, wakili aombe malipo ya awali wakati kesi inaendelea, na karatasi ya kuyapokea iseme wazi kwamba ni sehemu tu ya madai. Neno «kamili» likionekana humo, irudishe iandikwe upya.