Kioo cha nyuma cha Premio: silikoni usikubali

Pole sana dada kwa jiwe lililovunja kioo cha nyuma cha gari lako, Toyota Premio. Kioo cha nyuma si kama cha mbele. Kimepikwa kwa joto kali, kikipigwa kinamwagika chote punje punje. Hakuna cha kuziba, ni kuweka kingine. Mtumba mzima unatosha, na ukikosa Ngamiani, hapa Tanga mjini, agiza Dar kije na basi. Mpe muuzaji namba ya chesisi, na akutumie picha ya zile nyaya za kuondoa ukungu, zisiwe zimekatika.

Huyo fundi anayetaka kukubandikia silikoni ya madirisha ya nyumba, mkatalie kabisa! Dai gundi ya vioo vya gari, ile ya yurethani. Kabla hajapaka, fremu ikaguliwe kutu. Hapa Tanga chumvi ya bahari haina huruma: rangi ikikwanguliwa pakaachwa wazi, pataliwa na kutu, kisha maji yataingia kwenye buti. Akwangue, apake praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma), aache ikauke.

Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, maana ukibamiza mlango hewa inasukuma kioo kabla gundi haijashika. Na siti zifyonzwe vipande vyote, hasa kama unabeba watoto.