Swali la lugha: majivuno au uimla?

SWALI: Kiongozi akijisifu kila anaposhika kipaza sauti, wengine humwita mbinafsi, wengine dikteta. Je, maneno haya yanaweza kubadilishana?

JIBU: Hayawezi. Majivuno, majigambo na kujikweza ni maneno ya hulka. Uimla (au udikteta, yote ni sahihi) ni namna ya kutawala. Imla ni kuandika unachosomewa. Penye utawala wa kiimla, bunge, mahakama na magazeti huandika wanachosomewa. "Mbinafsi" halifai kabisa hapa: huyo ni mtu wa kujali faida yake, na anaweza kuwa mkimya kama maji mtungini.

Ukisita, tazama kitenzi. Katika kujisifu, kujiona na kujigamba, tendo humrudia mtendaji likaishia kwake: hayo ni majivuno. Linganisha na kujiongezea muhula au kujitwalia madaraka. Kauli ya kutendea (kufanya kwa ajili ya fulani) imeingia, -ji- imekuwa yambwa tendewa tu, yaani anayefanyiwa, na kinachochukuliwa, yaani muhula au madaraka, ni cha watu wengine: huo ni uimla. Mara nyingi -ji- haipo hata kidogo: kufungia gazeti, kuahirisha uchaguzi, kupuuza hukumu.

Majivuno na uimla si lazima vifuatane. Charles de Gaulle wa Ufaransa hakuwa mtu wa kujishusha, lakini aliposhindwa katika kura ya maoni ya tarehe 27 Aprili 1969, alijiuzulu kesho yake. António Salazar wa Ureno aliishi kwa kujinyima na hakupenda majukwaa. Akatawala toka 1932 hadi 1968 kwa polisi wa siri na udhibiti wa magazeti. Anayesubiri majigambo ndipo ashtuke, Salazar angempita bila kuonekana.

Kwa hiyo kichwa cha habari "Udikteta wazidi: Rais ajiita shujaa" kina kosa. "Rais ajiita shujaa" inatosha, na msomaji atacheka mwenyewe. Neno udikteta likitumika kwa kila kejeli, siku jaji atakapofukuzwa kazi kwa sababu ya hukumu yake halitamshtua mtu. Na "mgonjwa wa kujipenda" mwachie daktari aliyempima mhusika. Tangu 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kinawakataza wanachama wake kutangaza maradhi ya watu mashuhuri ambao hawajawapima.

Kipimo cha kitenzi kina mahali kinapoyumba: kujitangaza. Jean-Bédel Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alijitangaza rais wa maisha mwaka 1972. Kwa sarufi, kitenzi ni kilekile cha anayejitangaza bingwa. Hapo soma maneno yanayofuata: "bingwa" haimnyang'anyi mtu kitu, ilhali "rais wa maisha" imefuta kila uchaguzi ujao.