Kabla ya kuanza chuo cha uuguzi: istilahi za kitabibu zisomwe kiasi gani?

Kila mwaka, tangu matokeo ya kidato cha nne yatangazwe hadi vyuo vitakapofunguliwa, vijana wa hapa Tabora walioomba kusomea uuguzi na ukunga huniuliza swali moja: je, miezi hiyo ya kusubiri waitumie kujifunza istilahi za kitabibu? Huwajibu kwamba waitumie, lakini kwa kiasi, na si kwa njia niliyoifuata mimi.

Mimi nilikaa chini ya mwembe wa nyumbani nikikariri orodha. Nilikuwa na daftari lililogawanywa kwa mstari katikati, neno la Kiingereza upande mmoja na maana yake upande wa pili, nami nilijipangia maneno ishirini kwa siku. Nilipofika chuoni nilijiona nimewatangulia wenzangu. Wiki chache za anatomia na fiziolojia, yaani maumbile ya mwili na kazi za viungo vyake, zilitosha kunionyesha kwamba mwanafunzi aliyeelewa vizuri jinsi damu inavyotoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi alikuwa amenizidi, kwa sababu kila aliposikia neno jipya alijua linahusu kiungo gani na kazi gani, ilhali mimi nilikuwa na maneno mengi nisiyojua yanakaa wapi katika mwili wa mtu. Kwa hiyo, mwenye kitabu cha biolojia cha sekondari akirudie kwanza, hasa mada za moyo, mapafu, figo na uzazi.

Baada ya hapo jifunzeni vipande vinavyounda istilahi, kwa kuwa nyingi zimejengwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuviogopa, maana yeye mwenyewe, kutokana na cheza, hupata mchezo, mchezaji na chezesha bila kufundishwa na mtu. Kipande -aitisi kikiwa mwishoni hueleza kwamba kiungo kimevimba, kina joto na kinauma, hivyo hepataitisi ni ya ini, gastraitisi ni ya tumbo la chakula na nefraitisi ni ya figo. Kipande -ektomi ni kukata na kuondoa, na ndiyo maana kuondolewa kwa kidole tumbo huitwa apendektomi. Vipande thelathini au arobaini vya namna hiyo, kwa maoni yangu, vinamtosha anayeanza.

Miongoni mwavyo, haipa- na haipo- vishikeni kuliko vingine vyote. Cha kwanza ni kuzidi, cha pili ni kupungua, na sikioni vinatofautiana kwa irabu moja tu: haipaglaisemia ni sukari ya damu kuzidi, haipoglaisemia ni sukari ya damu kupungua. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita anahitaji kupewa sukari bila kuchelewa, lakini insulini, dawa ya kushusha sukari ambayo ni msaada kwa yule ambaye sukari yake imepanda mno, inaweza kumuua. Mkiwa hamna uhakika mlichosikia wakati wa kupokezana zamu, ulizeni tena, hata kama aliyetamka ataonyesha kuchoka.

Hata hivyo, pengo kubwa nililokuwa nalo halikuwa la Kiingereza. Katika mazoezi yangu ya kwanza wodini nilitumwa kuchukua maelezo ya mzee mmoja aliyekuwa amekunja magoti na jasho likimtoka usoni. Nilimwamkia, akanishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, mshipa unanisumbua tangu jana, umegoma kurudi." Niliandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya mshipa wa damu, nikaendelea na kitanda kilichofuata. Muuguzi wa zamu aliposoma nilichoandika alimrudia na kumwuliza, "Babu, huwa unashuka mpaka wapi?" Mzee akaonyesha kinenani. Ilikuwa ngiri iliyonasa, yaani utumbo uliotokeza kinenani na kushindwa kurudi ndani, na daktari aliitwa palepale. Neno la kitabibu la ngiri nilikuwa nimelikariri tangu wiki ya kwanza chini ya mwembe, lakini sikujua kwamba mgonjwa anaweza kuliita mshipa, na dakika ambazo mzee yule alisubiri kwa sababu yangu bado zinaniuma.

Masomo ya chuoni ni ya Kiingereza, lakini wagonjwa wengi wa mkoa huu watawaeleza shida zao kwa Kiswahili au Kinyamwezi. Atakayepangiwa Kasulu, mkoani Kigoma, atakutana na Kiha, na pengine Kirundi na Kiswahili cha Kongo kutoka kwa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Ndiyo maana nawashauri muwe na daftari la safu tatu: istilahi, Kiswahili chake sanifu, na neno analotumia mgonjwa. Nimonia itaandikwa homa ya mapafu, kisha kichomi, pamoja na angalizo kwamba watu huita kichomi maumivu yoyote yanayochoma ubavuni. Eklampsia ni kifafa cha mimba, lakini jina hilo lisiwapotoshe ndugu wa mama mjamzito wakadhani ni kifafa cha kawaida, kwa kuwa hii ni dharura inayofungamana na shinikizo la damu wakati wa ujauzito na hata siku za baada ya kujifungua. Safu ya tatu mnaweza kuanza kuijaza leo, kwa kuwauliza bibi na mama zenu majina ya maradhi wanayoyajua.

Sioni sababu ya mzazi kulipia kozi ya istilahi peke yake kabla ya chuo. Jioni zitakazobaki zipelekeni kwenye hesabu, maana gramu 1 ni miligramu 1000, miligramu 1 ni maikrogramu 1000, na nukta ikikosewa mahali mtoto hupewa dozi mara kumi. Jambo hili linanitia hofu kuliko neno lolote gumu.

Daftari lenyewe liwe dogo la kuingia mfukoni mwa sare, liandikwe kwa kalamu isiyosambaa likilowa, na jina la mgonjwa lisiandikwe humo kamwe.