Maswali ya Wasomaji: Jukwaa Linalotokeza Juu ya Kichochoro

SWALI: Mhariri, mimi ni msimamizi wa mjengo wa ghorofa tano hapa Mombasa, kwenye kichochoro chembamba ambacho chini yake kuna maduka yanayofanya biashara kutwa. Kwa kuwa hakuna nafasi ya kusimamisha nguzo za jukwaa kutoka ardhini, mafundi wamepitisha boriti za mbao kwenye madirisha ya ghorofa ya tatu, zikatokeza nje zaidi ya mita moja, na mikia yake wameikandamiza kwa mifuko ya saruji. Juu ya boriti hizo tunataka kujenga jukwaa la kupigia plasta ghorofa mbili za juu. Mwenye nyumba anasema majengo yote ya jirani yalipigwa plasta kwa njia hiyo hiyo. Je, ni salama?
Msimamizi wa mjengo, Mombasa

JIBU: Ndugu msimamizi, kwa ulivyoeleza, si salama, na ninakuomba usimpandishe mtu yeyote mpaka urekebishe. Jukwaa linalotokeza ghorofani lenyewe halina kosa, kwani katika mitaa iliyobanana mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo. Lakini usalama wake wote umo ndani ya chumba, kwenye mkia wa boriti, mahali ambapo mtu aliye nje na karai lake hapaoni.

Boriti hiyo ni wenzo, na ukingo wa ukuta ndio egemeo lake. Tuseme mzigo unaoangukia boriti moja, yaani mbao, mabomba, mafundi na plasta yao, ni kilo 300, na unakaa mita 1.2 nje ya ukuta. Ikiwa mkia umefungwa mita 1.8 ndani, nguvu inayotaka kuunyanyua ni kama kilo 200. Ikiwa chumba ni kidogo na mkia umekandamizwa sentimita 60 tu kutoka ukutani, nguvu hiyo inafika kilo 600, ambazo ni mifuko 12 ya saruji ya kilo 50, na hapo boriti imesawazika tu, haijapata akiba hata kidogo ya kumstahimili mtu anayeruka au karai linalotuliwa kwa kishindo. Kanuni za Marekani kuhusu majukwaa yanayoning'inizwa kwenye boriti za namna hii hudai uwezo wa kuzuia kupinduka uwe angalau mara 4 ya nguvu inayopindua, na ukifuata kipimo hicho utahitaji mifuko 48 kwa kila boriti. Sidhani kama kuna mjengo kichochoroni unaoweka mifuko mingi kiasi hicho.

Na hata ingewekwa, saruji hiyo ni ya kazi. Saa nne asubuhi fundi wa chini anaishiwa, kijana anatumwa juu kuleta mifuko miwili, naye anaichukua ile iliyo karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia kwamba mifuko hiyo imewashikilia watu walio nje, na wale walio nje hawasikii lolote mpaka mkia unyanyuke. Ndiyo maana kanuni hizo hizo za Marekani zinakataza mchanga, kokoto, matofali na vifaa vingine vya ujenzi kutumiwa kama uzito wa kukandamizia. Majirani walipiga plasta wakamaliza salama, lakini hilo halituambii siku gani mfuko mmoja ulibaki kati yao na lami.

Sasa, la kufanya. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa akupigie hesabu kabla ya kununua chochote. Tumieni boriti za chuma zenye umbo la I, zikiwa zimesimama wima wala si kulazwa ubavu, kwa sababu zikilazwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kuhusu urefu wa mkia, kiwango cha China cha JGJ 130 cha mwaka 2011 kinataka sehemu iliyo ndani isipungue mara 1.25 ya ile inayotokeza, na kanuni za Marekani zinataka mara 1.5, mimi ningechukua hiyo ya pili, kwani chuma cha ziada ndani ya chumba hakimdhuru mtu. Kiwango hicho cha China hufunga mkia kwa pete za nondo zenye umbo la U, zisizopungua milimita 16, zinazozikwa kwenye slabu yenye unene usiopungua milimita 120 wakati wa kumwaga zege. Slabu yenu imekwisha kumwagwa, kwa hiyo mhandisi wako huenda akachagua kuitoboa na kupitisha bolti zenye bamba la chuma upande wa chini, au kusimamisha nguzo kati ya mkia na slabu ya juu ili mkia usipate pa kunyanyukia. Muulize pia umri wa zege, kwa maana slabu ya siku saba kwa kawaida imefikia takriban theluthi mbili tu ya nguvu inayotarajiwa siku ya 28.

Egemeo nalo lisiwe tofali la dirishani. Hapo ndipo panapobeba jumla ya mzigo wa nje na mvuto wa ndani, kwa mfano wetu kilo 500 au hata 900, na tofali tupu la saruji huweza kupasuka. Boriti ikae juu ya zege lenye nondo, na ifungwe isiteleze wala kupinduka kiubavu. Waya za chuma zinazofungwa kutoka ncha ya nje hadi ghorofa ya juu ni nzuri, ila zihesabiwe kuwa akiba tu, si sehemu ya hesabu ya kubeba mzigo.

Kwa kuwa uko Pwani, kuna mambo mawili ambayo wenzako wa Nairobi hawayafikirii sana. Chumvi ya bahari hula waya na nati upesi, kwa hiyo vikaguliwe kwa mkono, si kwa kutupia jicho ukiwa chini. Pili, ile neti ya kijani mnayotundika kuzuia vumbi hushika upepo wa kusi kama tanga la dau, na mhandisi asipoambiwa kwamba itakuwepo, hesabu yake haitakuwa na upepo huo.

Kagueni jukwaa kabla ya kulitumia mara ya kwanza, kisha kila baada ya siku zisizozidi saba, na kila baada ya dhoruba, mkaandike mlichokiona. Mkanda wa usalama ufungwe kwenye nguzo au boriti ya jengo. Ukifungwa kwenye jukwaa lenyewe, likianguka humchukua aliyeuvaa. Chini wekeni paa imara la kuwakinga wapita njia, na wakati wa kubomoa mwanzie juu, boriti zifunguliwe mwisho.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa plasta, nalipwa kwa siku. Nyapara akiniambia nipande jukwaa ninaloliona linacheza, nikikataa nafukuzwa. Sheria yanilinda?
Fundi, Kilifi

JIBU: Ndugu fundi, yakulinda. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 kinakutaka umjulishe msimamizi wako hatari kubwa au ya papo kwa papo unayoiona, na mwajiri haruhusiwi kuwarudisha wafanyakazi mahali hapo kabla ya kuiondoa. Kifungu hicho pia kinakataza mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu ya msingi kufutwa au kuadhibiwa. Mwambie nyapara mbele ya wenzako, taja hasa ulichokiona, kama vile boriti ya pili kutoka kona inayonyanyuka mkia, piga picha, na andika tarehe. Asiposikia, peleka taarifa kwa afisa wa usalama na afya kazini wa serikali aliye karibu nawe, na picha hiyo uwe nayo.