Maziwa kwenye friji ya ofisi: je, cha mwenzio ni halali kwa kuwa friji ni ya wote?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mtumishi katika ofisi moja huku Mtumba, Dodoma. Nina vidonda vya tumbo na chai ya rangi inanichoma, kwa hiyo kila Jumatatu na Jumatano nanunua lita moja ya maziwa kwa jirani yangu Ihumwa, nayachemsha, nayatia kwenye chupa ya maji na kuyaweka kwenye friji ya pamoja. Yanapungua kila siku. Nilipochora mstari wa peni kwenye chupa, nikaanza kuyakuta palepale kwenye mstari, ila mepesi: yameongezwa maji. Nilipolalamika, mwenzetu anayetusomea darsa fupi baada ya Adhuhuri alisema kilicho kwenye friji ya wote ni halali ya wote, kwa kuwa Qur'ani imeruhusu kula kwa rafiki, Mtume (s.a.w.) ameruhusu mpita njia akamue mifugo ya mtu anywe, na anayenuna kwa ajili ya maziwa ni katika wale waliolaumiwa na Suratul-Maun kwa kuzuia maun, yaani vitu vidogo vya kusaidiana. Je, mimi ni bakhili? Naweza kutia dawa ya kuharisha ili mwizi ajulikane? Nami nimeacha kutoa mchango wa chai na sukari huku naendelea kutumia, ili nijifidie, ni sawa? Siku hizi wengine wanasema anayekunywa ni mama wa usafi, na afisa utawala amesema ataomba abadilishwe, ingawa Alhamisi yalipoongezwa maji mama huyo alikuwa msibani Kongwa.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, wewe si bakhili, na maziwa hayo ni haramu kwa aliyeyanywa bila ridhaa yako. Hilo silirefushi, kwa kuwa hata mtoto wa madrasa anajua kwamba mali ya mtu haiwi halali kwa mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Kilichonifanya niandike ni hoja za huyo ndugu anayewasomesha, kwa sababu mtu akila cha mwenzake kwa ulafi, bado ndani yake anajua amekosa na iko siku ataweza kutubu. Lakini akikila kwa aya, hana anachokiona cha kutubia, na wanaomsikiliza wanakosa pamoja naye huku wakidhani wamejifunza dini.

Aya anayoitegemea ni ya 61 katika Suratun-Nur, ambamo Mwenyezi Mungu amewaondolea watu uzito wa kula katika nyumba za baba zao na mama zao, ndugu zao, ami na shangazi, wajomba na mama wadogo, nyumba ambazo wameshikishwa funguo zake, na mwisho kabisa rafiki. Ndugu yetu amelidaka neno la mwisho akaliacha lote lililolitangulia. Rafiki aliyetajwa hapo ni sadiqi, neno lenye asili moja na sidqi, yaani ukweli, naye amewekwa safu moja na baba na mama kwa kuwa ridhaa yake inajulikana kama inavyojulikana ridhaa yao. Ndiyo maana wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameifungia ruhusa hii sharti: mlaji awe anajua, au ana dhana yenye nguvu, kwamba mwenyewe akiona hataona uzito; akiingiwa na shaka, mkono wake aurudishe. Wakaongeza kwamba ridhaa hutofautiana kwa mtu, kwa kitu na kwa hali ya mwenye kitu, na hapa ndipo penye fiqhi ya kweli, kwani rafiki yule yule anayekumiminia karanga kiganjani bila kuhesabu anaweza kuumia ukigusa chakula anachokula kwa sababu ya maradhi. Kukaa korido moja hakumfanyi mtu kuwa sadiqi. Wangapi kati yenu mlihamia Dodoma kwa barua tu, mkapangwa chumba kimoja na watu ambao mpaka leo hamjui wanakaa Kisasa au Nkuhungu? Tena aya hiyo hiyo inamalizika kwa kuamrisha salamu mnapoingia majumbani. Mlaji aliyeruhusiwa pale ni mtu aliyeingia kwa salamu na uso wake ukaonekana, na sura iliyombeba ndiyo hiyo iliyotangulia kukataza, katika aya ya 27 na ya 28, kuingia nyumba za watu kabla ya kubisha na kuruhusiwa, na ikaamrisha kwamba mtu akiambiwa arudi, arudi.

Lakini kwa nini nihangaike na maana ya sadiqi, wakati ushahidi mkubwa kuliko wote umo ndani ya chupa yako? Maji. Mtu anayeamini kwamba ameruhusiwa anakunywa, anaacha upungufu uonekane, na akikukuta koridoni anakwambia, "Dada, leo nimekuonjea maziwa yako." Mkono uliofungua bomba, ukajaza taratibu mpaka kwenye mstari wa peni, ukakausha chupa na kuirudisha ilipokuwa, ulikuwa unajua wazi kwamba mwenyewe haridhii. Hakuna aya duniani inayomfunika mtu huyu, maana yeye mwenyewe ameshatoa hukumu dhidi yake. Na kosa limekuwa mawili, kula cha mtu na kughushi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu, muuzaji akajitetea kwamba ni mvua, naye akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akasema, "Mwenye kutughushi si katika sisi." Yule angalau alikuwa amenyeshewa.

Hadithi ya kukamua ipo, imepokewa kutoka kwa Samura (r.a.) katika mkusanyo wa Abu Dawud na wa Tirmidhi, nami simlaumu ndugu yetu kwa kuijua. Namlaumu kwa kuikata. Inasema mtu akifika kwenye mifugo na mwenyewe yupo, amwombe ruhusa. Ikiwa hayupo, apaze sauti mara tatu. Akiitikiwa aombe ruhusa, asipoitikiwa akamue anywe, wala asibebe. Wanazuoni wengi wameielekeza kwa msafiri aliyeshikwa na njaa, au kwa nchi ambayo desturi yake inajulikana kuwa wenye mifugo wanaliridhia hilo. Sasa naomba kujua: ni nani kati yenu aliyesimama mlangoni mwa jiko la ofisi akaita mara tatu, "Mwenye maziwa!"? Na ni safari gani ya jangwani iliyomkuta saa nne asubuhi, wakati mama lishe wapo na chapati ziko moto?

Tena ameiacha hadithi iliyo sahihi zaidi, ya Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim, ambayo kama ingekuwa imesemwa kwa ajili ya friji yenu isingekuwa wazi zaidi ya ilivyo. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu asikamue mnyama wa mwingine ila kwa idhini yake, kisha akauliza: je, mmoja wenu angependa watu wakiendee chumba chake cha juu, ghala yake ivunjwe na chakula chake kichukuliwe? Akaeleza kwamba chuchu za mifugo ya watu ndizo ghala zinazowahifadhia vyakula vyao. Angalieni: ng'ombe yuko malishoni, hana ukuta wala kufuli, kila apitaye anaweza kumfikia, na bado kiwele chake kimehesabiwa kuwa ghala iliyofungwa. Kuwa mahali pa wazi hakukuwa ruhusa. Friji ni ya wote kama malisho yalivyo ya wote, lakini nani katika nchi hii ya Wagogo, ambako ng'ombe wa kaya tofauti huchungwa pamoja mbugani, amewahi kudhani kwamba kwa kuchangia malisho amechangia na maziwa?

Kuhusu Suratul-Maun, hapo ndugu yetu ana nusu ya haki, na ni vyema nimpe. Baadhi ya Masahaba waliifasiri maun kuwa ni vyombo watu wanavyoazimana, kama ndoo na chungu. Kwa hiyo anayeficha kisu cha kukatia mkate, anayefungia stepla kwenye droo, au anayekataa birika lake la umeme lisichemshie wengine maji huku halimpungukii kitu, sura hiyo inamhusu na aiogope. Lakini chungu kikiazimwa hurudi, na maziwa yakinywewa hayarudi. Isitoshe, lawama ni ya aliyeombwa akazuia. Wewe hukuombwa na mtu yeyote, basi ulizuia nini? Hata hicho cha kuazimwa kina adabu yake. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja, na kikombe changu cha bati kilikuwa kikisafiri meza hadi meza; kuazimwa hakukuniuma hata siku moja, kilichoniuma ni kukikuta Jumatatu dirishani kina majani ya chai ya Ijumaa yaliyoota ukungu, na mimi ndiye wa kuyakwangua.

Sasa nije kwako, maana nawe una yako. Dawa ya kuharisha usitie, ni haramu. "Hakuna kudhuru wala kudhuriana," amesema Mtume (s.a.w.), na wewe hujui chupa hiyo itashikwa na nani: huenda ni mjamzito, huenda ni mwenye kisukari, huenda ni mgeni aliyekaribishwa chai na mtu aliyedhani maziwa ni ya ofisi. Mwenye kuiba kikombe kimoja cha maziwa hajahalalisha mwili wake kwako.

Na mchango wa chai urudishe. Najua wapo wanazuoni waliomruhusu mwenye haki kuchukua kiasi cha haki yake kwa anayemnyima, wakitegemea kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemlalamikia mumewe kwa kumnyima matumizi, naye Mtume (s.a.w.) akamwambia achukue kwa wema katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na mwanawe. Lakini Hind alimjua aliyemnyima. Wewe humjui, na sukari ile ni ya wote waliochangia, wakiwemo ambao hawajawahi hata kuiona chupa yako. Kwa hiyo unajilipa deni lako kwa mali ya asiyedaiwa. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu wanaokula pamoja kukutanisha tende mbili kwa mara moja ila kwa ruhusa ya wenzao, nao wote walikuwa na haki katika sahani ile. Piga hesabu ya miezi uliyoruka, ulipe, hata kama ni kwa mafungu. Ninakuhurumia kwa hili, kwa sababu najua ulianza kuichukua sukari hiyo kwa uchungu wala si kwa tamaa, na mtu aliyedhulumiwa huona kila kilicho mbele yake kama fidia yake.

Kisha sema nao kwa mdomo. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la idara, wala usibandike karatasi ya maneno makali mlangoni mwa friji, kwani karatasi haimtazami mtu na kila mmoja ataisoma kana kwamba amelengwa mwenzake. Subiri watu wakusanyike kwenye chai, useme kwa sauti ya kawaida kwamba maziwa hayo unayatumia kwa sababu ya tumbo, kwamba lita ile ni ya siku mbili, na kwamba mwenye kuhitaji akuombe ukiwepo. Wengine wanakunywa kwa mazoea na hawajui kuwa unaumwa. Mpe mtu nafasi ya kuona haya kabla hujamwita mwizi. Ukiweza, siku moja moja nunua ya ziada uwamiminie wewe mwenyewe. Hilo si wajibu wako, nakuomba tu.

Nimeyaandika yote hayo, lakini kilichoninyima raha ni sentensi yako ya mwisho. Mnabishana kuhusu kikombe cha maziwa, na pembeni yenu mwanamke anakaribia kuondolewa kazini kwa sababu hiyo. Hukuniambia dini yake na sihitaji kuijua. Wafasiri wengi wameeleza kwamba aya za Suratun-Nisaa kuanzia ya 105 zilishuka kuhusu watu wa Bani Ubayriq, walioiba silaha na chakula katika nyumba ya Muislamu mwenzao pale Madina, kisha lawama ikasukumiwa kwa asiye nayo; na katika riwaya mashuhuri, aliyesukumiwa ni Myahudi. Watu wa kabila lao walikwenda kuwatetea, nayo Qur'ani ikashuka kumsafisha yule asiye wa dini yao. Katika aya hizo imo ya 112, kwamba anayechuma kosa au dhambi kisha akamsingizia asiye na hatia, amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Basi aliyekunywa na akanyamaza huku mama huyo akitajwa, dhambi yake ya maziwa imeshakuwa ndogo kabisa mbele ya hii nyingine.

Nawe, dada yangu, si mtazamaji tu katika jambo hili. Umeniambia mwenyewe kwamba Alhamisi yalipoongezwa maji yeye alikuwa msibani Kongwa. Huo ni ushahidi, na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul-Baqara, aya ya 283, msifiche ushahidi, na mwenye kuuficha moyo wake ni wenye dhambi. Usingoje mpaka mwizi ajulikane, kwa sababu kumsafisha asiye na kosa hakuhitaji kumjua mwenye kosa. Kesho, kabla ya chai ya saa nne, nenda kwa afisa utawala na hiyo chupa yenye mstari mkononi, umweleze habari ya Alhamisi, umtajie siku na saa. Ikiwa barua ya kumwondoa imekwisha kwenda kwenye kampuni ya usafi, mwombe aandike nyingine, wala usitoke ofisini kwake mpaka akubali.