Lifti ya kupanda mpaka angani: fundi lifti nakujibu

Mkuu umeuliza mambo matatu kwa mpigo: hii lifti ya kutoka ardhini mpaka angani ni sayansi au porojo, kwa nini kila anayeiandika anaiweka ikweta, na kamba ikikatika hadithi yako iseme nini. Umesema unataka kuiweka Nanyuki, mwaka 2150. Mimi kazi yangu ni lifti, hizi za kawaida za maghorofa ya Dar, na hadithi za namna hii nazisoma tangu sekondari, kwahiyo nakujibu kifundi, wanafizikia humu watarekebisha.

Wazo lenyewe sio la juzi. Mrusi Tsiolkovsky aliliwaza 1895 baada ya kuona mnara wa Eiffel, ila yeye alifikiria mnara wa kujengwa kutoka chini kwenda juu, na hapo chini kunabeba uzito wote wa juu, hamna jiwe wala chuma kitakachohimili. Aliyepindua hesabu ni Mrusi mwingine, injinia Artsutanov, 1960, akasema usijenge, ning'iniza. Unaweka satelaiti kilomita 35,786 juu ya ikweta, pale inapozunguka dunia kwa muda uleule dunia inaojizungusha, kwahiyo ukiwa chini unaiona imesimama palepale. Ndo zilipo satelaiti za ving'amuzi, dishi ukishalifunga hulihamishi. Kutoka hapo unashusha kamba mpaka chini, na ili satelaiti isivutwe unatoa kamba nyingine kwenda nje na kuweka uzito mwishoni. Dunia inazunguka, ule uzito unataka kutoroka, kamba inakaza muda wote, mchezo uleule wa mtoto anayezungusha ndoo ya maji kwa kamba.

Sasa satelaiti ya kusimama inakaa juu ya ikweta tu, ndo jibu la swali lako la pili. Arthur C. Clarke alipoandika riwaya yake ya 1979 kuhusu lifti hii alikuwa anaishi Sri Lanka na alitaka aijenge hukohuko, lakini Sri Lanka iko kaskazini ya ikweta, basi akakisogeza kisiwa kusini kwenye riwaya na maisha yakaendelea. Wewe Nanyuki huhitaji hila hiyo, ikweta inapita pale pale na kibao watalii wanapigia picha. Ila Mlima Kenya usikupe kiburi, kilomita 5 kwenye 36,000 hazikupunguzii kitu.

Tuje kwenye kamba, hapa ndo nataka utulie. Abiria wengi hawajui kwamba kwenye ghorofa refu kamba nazo ni mzigo mkubwa tu. Chukua lifti inayopanda mita 120, kamba sita za milimita 13, kila mita ya kamba moja ina karibu gramu 600. Piga hesabu, zaidi ya kilo 400 za chuma zinaning'inia kabla hajaingia mtu. Kabini ikiwa chini uzito wote huo uko upande wake, ikipanda unahamia upande wa kaunta weti (uzito unaoning'inia upande wa pili kuisawazisha kabini), ndo maana chini ya kabini tunafunga cheni nzito ya kusawazisha ili mota isiteseke. Na jengo linavyozidi kurefuka kamba inaishia kujibeba yenyewe, ukifika mita 500 hivi chuma kwenye lifti za watu hakina maana tena, wenye viwanda wakaingia kwenye nyuzi za kaboni ambazo zinafika kilomita 1.

Waya wa chuma kizuri ukiuning'iniza peke yake bila mzigo wowote, ukifika kilomita kama 25 unakatika kwa uzito wake. Lifti ya angani inadai kitu kinachoweza kujibeba kilomita 4,900 hivi kwa mvutano wa hapa ardhini (sio 36,000, maana mvutano unapungua unavyopanda na mzunguko nao unasaidia). 25 na 4,900 mkuu, sio pengo la kuziba kwa kununua chuma bora zaidi. Unaweza kufanya kamba iwe nene kule kwenye satelaiti na nyembamba kwenye ncha, na michoro yote inafanya hivyo, ila kwa chuma pale penye unene patakuwa panene kuliko dunia yenyewe, yani hapo ndo chuma kinatolewa kwenye mashindano.

Zilizoamsha matumaini ni nanotyubu za kaboni, vijibomba vyembamba mno vya kaboni, ambavyo Mjapani Iijima alivieleza 1991 na kwenye karatasi uimara wake unakaribia kutosha. Shida ni urefu. Wachina wa Chuo Kikuu cha Tsinghua 2013 waliotesha moja ya nusu mita hivi na ikawa habari kubwa, nusu mita! Halafu kampuni ya ujenzi ya Kijapani, Obayashi, ilitangaza 2012 kwamba kufikia 2050 lifti itakuwepo, kamba kilomita 96,000, kabini ya watu 30 ikienda kilomita 200 kwa saa. Mimi ya 2050 siiamini kabisa. Hiyo 2150 yako iache kama ilivyo.

Ila kinachoninyima usingizi mimi ni kitu kingine. Huku kwetu kamba za lifti ya abiria kwa pamoja zinatakiwa zihimili mara 12 ya mzigo. Mahesabu maarufu ya lifti ya angani yanaweka mara 2, maana ukiongeza zaidi kamba inakuwa nzito na hesabu yote inaanguka. Mara 2 hata lifti ya mizigo sisaini.

Na hapa kuna hadithi ambayo sioni watu wakiiandika, wote wanakimbilia magaidi na mabomu. Andika ukaguzi. Sisi tunasimama juu ya kabini, tunaipandisha taratibu kwa spidi ya ukaguzi, unapitisha kitambaa cha pamba kwenye kamba bila kukaza mkono, kikinasa unasimamisha, kuna uzi umekatika hapo. Unahesabu nyuzi zilizokatika kwenye msokoto mmoja, unapima kipenyo kwa venia (kifaa cha kupimia unene), na ukiona vumbi jekundu linatoka ndani ya kamba ujue mafuta yamekauka nyuzi zinasagana. Mita 120 zinakula asubuhi nzima. Kilomita 96,000 hata ukienda na hiyo spidi ya 200 bila kusimama ni siku 20 kuipita mara moja, na ukimaliza kule mwisho huku chini kimondo kidogo kama punje ya mchanga kimeshapita. Na hata abiria wa kuishia kwenye satelaiti tu ni wiki moja na ushee ndani ya kabini, wanapita polepole kwenye mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, wakati roketi inaivuka kwa masaa machache tu. Mimi mtu akikwama dakika arobaini kati ya ghorofa ya 9 na 10 ananitukana mpaka wazazi.

Ushauri mwingine, ihamishe Nanyuki uipeleke baharini. Satelaiti zote za chini zinakatiza ikweta mara mbili kila mzunguko, siku moja moja itakuja kuigonga kamba, kwahiyo wataalamu wengi wanataka mguu wa kamba uwe kwenye jukwaa linaloelea ili uusogeze kamba ikwepe. Huku kwetu una historia ya kuegemea kabisa: pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano waliweka majukwaa baharini na kurusha satelaiti toka 1967 mpaka 1988, na satelaiti iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ngomeni iko karibu digrii 3 kusini, mhusika wako anaweza kuwa mjukuu wa mvuvi wa pale aliyeona roketi, kazi yake iko mashariki zaidi kwenye ikweta ya Bahari ya Hindi.

Kuhusu kukatika: inategemea imekatikia wapi. Kipande cha chini ya mkato kinaanguka kuelekea mashariki, kwahiyo ikiwa Nanyuki na imekatika kilomita 1,000 juu, inalala kupitia karibu na Garissa na Kismayu mpaka baharini, ingawa kamba yenyewe ni nyepesi sana, sehemu ya juu itaungua hewani na nyingine itapeperuka, usituletee miji kusagwa. Cha juu ya mkato kinakwenda nje, maana ule uzito wa mwisho ulikuwa unakivuta siku zote. Sasa kabini iliyokuwa juu ya mkato na watu 30 ndani haianguki, inapaa nao, breki zetu zote zimetengenezwa kwa ajili ya kuanguka.