SSD katika kompyuta ya zamani yenye SATA 2
Ndugu, umeuliza kama inafaa kufunga SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ilhali kompyuta yako ya mezani ina SATA 2 pekee, yaani toleo la zamani la njia ya kuunganisha diski. Inafaa sana. Ni kweli kwamba SATA 2 huishia takriban megabaiti 300 kwa sekunde, lakini uzito unaouona unapowasha mashine hautokani hasa na kikomo hicho, bali na kichwa cha diski ya zamani, ambacho huhama kwa milisekunde kadhaa kila kinapotafuta faili, kazi ambayo SSD huimaliza kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Nakusihi uhifadhi nyaraka zako mahali pengine kwanza. Ukisakinisha Windows upya, washa AHCI (hali ya kompyuta kuwasiliana na diski za SATA) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, kabla ya kuanza. Ukinakili Windows ya zamani kwenye SSD, usibadili mpangilio huo ghafla, kwani huenda ikakataa kuwaka.